Risala: Majina Yao Yasomwe Lodwar na Kakuma

Risala ya wajane, wazazi, askari wastaafu na homgadi wa Turkana kuhusu gwaride la kuwaenzi waliokufa wakiilinda nchi

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Turkana, Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, makamanda wa polisi na wa jeshi, wazee wetu wa makundi mawili ya Kiturkana, Ngimor na Ngirisai, viongozi wa dini, mama zetu na baba zetu mliotoka Kibish, Lokichoggio, Lokitaung, Kalokol, Lokichar, Kainuk na Lokori:

Tumekuja na jambo moja. Tunaliunga mkono gwaride la kuwaenzi askari waliokufa na wastaafu walio hai, na tunataka lifanyike hapa Turkana, barabarani, mbele ya watoto wetu. Lodwar lifanyike tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Kakuma lifanyike ndani ya juma linaloanza tarehe 14, ambayo ni siku ya KDF, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Na tunataka majina yasomwe. Mengine yote yaliyomo katika risala hii tuko tayari kuyajadili nanyi, lakini la majina hatutalipunguza.

Mimi ninayesoma kwa niaba ya wenzangu ni mjane wa homgadi. Nasema homgadi kwa sababu ndivyo tunavyowaita huku, tangu walipokuwa KPR hadi leo wanapoitwa NPR. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inawatambua kuwa polisi wa akiba, raia wanaojitolea kuwasaidia polisi katika maeneo yao. Mume wangu alijitolea. Alipewa bunduki na risasi za kuhesabu. Mshahara hakupewa, na viatu alijinunulia. Kazi yake ilikuwa kulinda mifugo malishoni na visimani, na siku nyingine kupanda juu ya lori na kulisindikiza kwenye barabara ya Kitale. Siku moja lori lilirudi naye akiwa amefunikwa turubai.

Siku ya tatu walikuja watu kuichukua bunduki. Ilikuwa na namba, na namba ilikuwa kwenye daftari. Miezi michache baadaye nilikwenda katika ofisi moja kuuliza haki ya marehemu. Karani alitafuta jina lake asilione, akaniambia kwa upole, "Mama, huyu hakuwa mfanyakazi." Sikumchukia karani yule, maana alisoma kilichokuwepo. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba katika nchi yetu chuma kinaweza kuandikwa na aliyekibeba asiandikwe.

Ndiyo maana sisi hatuanzi kwa kudai mnara. Tunaanza kwa kudai daftari.

Kando yangu wamesimama watu ambao misiba yao ina hati. Wapo wazazi wa vijana wa KDF. Majeshi yetu yalivuka mpaka wa Somalia mwezi Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata yakaingizwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikawa zamu ya Kulbiyow. Hadi leo serikali haijachapisha orodha kamili ya waliokufa El Adde. Tumeambiwa kwamba kutaja idadi ni kumfurahisha adui. Mzazi wa askari hana ugomvi na idadi, kwa sababu yeye ana mmoja. Anachotaka ni kwamba siku moja katika mwaka, mtu mwenye cheo asimame mbele ya halaiki na alitamke jina la mwanawe kama lilivyo, bila kulikosea.

Wapo pia wajane wa polisi. Tarehe 24 Septemba 2022, huko Turkana Mashariki, watu 11 waliuawa katika shambulio moja: polisi wanane, chifu na raia wawili. Februari 2023, polisi waliuawa Kaakong kwenye barabara kuu ya Kitale kuja Lodwar, na siku chache baadaye serikali ikawaleta wanajeshi kuungana na polisi katika operesheni ya Bonde la Ufa Kaskazini. Na tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet, akitoka kuwakagua askari wa operesheni hiyohiyo na kuangalia shule zilizofungwa kwa sababu ya majambazi. Taifa liliomboleza siku tatu. Nasi huku tuliomboleza, kwa kuwa alikufa akiifanya kazi ambayo waume zetu na watoto wetu waliifanya kabla yake, katika mabonde yaleyale.

Turudi nyuma zaidi, maana wazee wametuonya tusifanye kana kwamba kufa kwa ajili ya nchi kulianza Somalia. Waingereza walipoingia Turkana na askari wa KAR (King's African Rifles), wazee wetu walipigana nao miaka mingi, na jina la Ebei, kiongozi wao vitani, bado linatajwa penye moto jioni. Baadaye wana wa watu haohao waliandikishwa katika KAR hiyohiyo. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, Lokitaung ikawa ngome ya mpaka. Kutoka hapo Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilivuka mwaka 1941 kwenda Kalam na Maji, kusini mwa Ethiopia. Wajukuu wa askari wa vita vile wapo hapa leo. Wengi wao hawana barua wala picha. Wana hadithi, na pengine kibuyu au mshipi wa babu.

Katika Mtaa wa Kenyatta, Nairobi, ipo sanamu ya watu watatu, askari na mbeba mizigo, iliyosimamishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni kazi nzuri, na maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia. Haina jina hata moja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ya uchunguzi juu yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Ilichukua miaka mia moja kusema hivyo. Tunaitaja habari hii mbele yenu, waheshimiwa, kwa sababu kosa lile lilifanywa na watawala wa kigeni ambao hawakuona haja ya kuuliza mbeba mizigo anaitwa nani. Leo wenye madaftari ni sisi wenyewe. Mtawala wa Lodwar ni mtoto wa Lodwar, na mama wa marehemu anaishi mwendo wa bodaboda kutoka ofisini kwake.

Wengine watatuuliza kwa nini Siku ya Mashujaa, na kwa nini Turkana. Tarehe 20 Oktoba 1952 ndiyo hali ya hatari ilipotangazwa, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Baada ya kesi ya Kapenguria walifungwa wapi? Lokitaung. Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 alizuiliwa wapi hadi 1961? Hapa Lodwar. Nyumba aliyokaa ipo, na wageni wakija huonyeshwa. Sherehe za kitaifa za siku hii zimekwenda Kericho mwaka 2023, Kwale mwaka 2024 na Kitui mwaka 2025. Turkana iliyowatunza wafungwa wale bado haijapewa nafasi ya kuziandaa. Hatuwaonei wivu wenzetu. Tunakumbusha tu kwamba tarehe yenyewe ina mizizi katika vumbi hili.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yetu hawakutaka liingie katika risala. Tulibishana juu yake siku mbili chini ya mti, na mwishowe wazee wakaamua lisemwe.

Tarehe 10 Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya askari 40 wa polisi na wa akiba waliuawa kwa siku moja. Walikuwa wamekwenda kufuatilia mifugo ya Wasamburu iliyoibwa. Walioshutumiwa kuwaua walikuwa watu wetu, vijana wa Kiturkana. Katika waliokufa walikuwamo Wasamburu na vijana wa makabila mengi ya Kenya, baadhi yao wapya kazini. Hawajawahi kutajwa kwenye sherehe yoyote ya Lodwar ambayo mimi nimehudhuria, na sijakosa nyingi.

Tunataka watajwe, na watajwe Lodwar, katika gwaride letu, pamoja na wetu. Mwanamke wa Kisamburu aliyempoteza mume Suguta na mimi niliyempoteza wangu barabarani tumelala usingizi wa aina moja miaka yote hii. Tukiwataja waliouawa na wengine tu, huku tukiwanyamazia waliouawa na mikono ya kwetu, basi gwaride letu litakuwa la kabila na halitastahili bendera. Wapo wanaosema kwamba kuwaenzi wenye bunduki katika nchi ya wizi wa mifugo ni kuwasifia ng'oroko, yaani majambazi wa mifugo. Jibu letu ni hilo la Suguta. Ng'oroko hana nafasi katika gwaride hili, awe wa Kipokot au wa Kiturkana, awe mtoto wa nani. Anayeenziwa ni yule aliyesimama kati ya ng'oroko na mwananchi.

Wazee wetu wanaijua hekima hii. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana Lokiriama, silaha zikafukiwa ardhini, na hadi leo watu hukusanyika pale kila mwaka kuikumbuka siku ile. Hakuna aliyehitaji kusomewa sheria ili aende Lokiriama. Watu hutembea kwa miguu, wakiwa na watoto. Tunalotaka Lodwar ni ibada ya namna hiyo, yenye ngoma na sala, na wazee wa Ngimor na Ngirisai wakiketi nusu duara kama wanavyoketi kwenye akiriket, kikao cha ibada cha wazee, wawabariki wastaafu kwa maji kabla hatua ya kwanza haijapigwa.

Kuhusu Kakuma tuna maelezo ya pekee. Kambi ilianza mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita wakikimbia vita. Leo Kakuma na Kalobeyei zina zaidi ya watu laki mbili, na wengi wao wamezika mtu aliyevaa sare ya nchi fulani, au wameshindwa kumzika. Watu wa Sudan Kusini wana Siku yao ya Mashahidi tarehe 30 Julai. Wakongomani, Warundi na Wasomali wana tarehe zao. Sisi tunaopanda nao matatu moja na kuchota maji kwenye laga moja ya Tarach hatuwezi kufanya gwaride mjini Kakuma na kuwaacha wakichungulia kutoka kando ya barabara. Lakini kambi ni ya raia, na lazima ibaki hivyo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba gwaride la Kakuma lisiwe na silaha hata moja, lisiwe na sare ya jeshi lolote la kigeni, wala bendera ya kundi lolote lililo vitani. Litembee na wajane, wazazi, mayatima na walemavu, wa kambini na wa mjini kwa pamoja. Atakayetaka kubeba picha ya marehemu wake aibebe. Polisi wa Kenya waliokufa wakilinda Kakuma na barabara ya Lokichoggio watajwe kwanza, kisha mstari wa wageni wetu upite kimya. Nina hakika kimya hicho kitakuwa kizito kuliko mizinga 21.

Tumesikia pingamizi kwamba hakuna fedha, na kwamba kaunti yenye ukame haina haki ya kufanya sherehe. Ukame tunaujua sisi kuliko waliotuandikia hivyo. Mifugo iliyokufa ilikuwa yetu. Gwaride hili halihitaji mahema ya kukodi, wala fulana zenye picha za wanasiasa, wala msafara wa magari. Linahitaji barabara ifungwe kwa muda wa saa mbili, kuanzia upande wa Kanamkemer, kupitia katikati ya mji hadi Moi Gardens. Linahitaji kipaza sauti kinachofanya kazi, maji ya kunywa na magari ya kuwabeba wasioweza kutembea. Bendi ya polisi ikipatikana, tutashukuru. Isipopatikana, wapo wanafunzi na kwaya za makanisa.

Na lianze saa moja asubuhi. Hili si dogo. Kila mwaka wastaafu hufika uwanjani alfajiri, hukaa juani hadi saa sita wakiwasubiri waheshimiwa, kisha hotuba huendelea hadi saa nane. Nimemwona mzee mwenye mguu wa bandia amesimama kwenye joto la Lodwar saa nne nzima, kwa kuwa viti vya kivulini vilikuwa na majina ya watu ambao hawakuja. Mguu wenyewe aliupoteza kwa kilipuzi cha kutegwa ardhini. Hakulalamika. Askari hafundishwi kulalamika, na kwa hiyo nalalamika mimi kwa niaba yake. Mwaka huu wastaafu na wafiwa wakae kivulini, na sisi wengine tuwazunguke. Majina yasomwe kabla ya hotuba yoyote, na hotuba zije baadaye kwa atakayebaki kuzisikiliza.

Serikali ya Kaunti tunaitaka ifungue daftari la kumbukumbu Lodwar na jingine Kakuma, wazi kwa kila familia, likiandika mwanajeshi, polisi na homgadi katika kurasa zilezile. Utamaduni na bustani za umma ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kungojea kutoka Nairobi. Ushahidi wa chifu na wa wazee wa mtaa ukubaliwe pale ambapo hati haipo. Daftari likishatulia, majina yachongwe kwenye jiwe ndani ya Moi Gardens, na nafasi iachwe chini yake. Tunasikitika kuiomba nafasi hiyo, lakini tunaishi hapa na tunajua.

Serikali ya Taifa tunaitaka iwatazame homgadi. Mwaka 2019 walinyang'anywa bunduki na kuanza kusajiliwa upya, na katika miezi ile vijiji vingi vya mpakani vililala macho. Waliorudishwa kazini walirudi kwa sababu hakuna mwingine wa kuwalinda watoto wao. Anayekufa akiwa amebeba silaha ya serikali, kwa amri ya serikali, familia yake ipate fidia na mazishi ya heshima kama ya polisi yeyote, na bendera iwekwe juu ya jeneza lake. Wajane wa zamani, tuliokwisha kuambiwa kwamba waume zetu hawakuwa wafanyakazi, mafaili yetu yafunguliwe upya.

Wastaafu wa jeshi walioko Turkana waletewe huduma hapa. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, na tuliifurahia. Lakini mzee wa Lokitaung hawezi kusafiri takribani kilomita 700 kutoka Lodwar hadi Nairobi, baada ya kwanza kuifikia Lodwar, kwa ajili ya karatasi moja ya pensheni. Afisa aje Lodwar na Kakuma mara kwa mara, siku zijulikane, redio zitangaze.

Na Baraza la Taifa la Mashujaa, lililoundwa kwa Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014, tunaliomba litume mtu akae na wazee wetu na kuandika wanayoyakumbuka juu ya KAR na Lokitaung. Mwaka jana tulizika wawili waliokuwa wakizijua hadithi hizo. Hili haliwezi kungoja bajeti ijayo.

Waheshimiwa, Katiba yetu katika kifungu cha 37 inatupa haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Tumeitumia haki hiyo leo bila kelele. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 14 Oktoba. Jibu likichelewa, tarehe 20 tutatembea hata hivyo, kwa amani, saa moja asubuhi kutoka Kanamkemer, na majina tutayasoma wenyewe.

Orodha tuliyoikusanya tumeiambatanisha na risala hii. Tunajua haijakamilika. Ewe unayetusikiliza, kama una marehemu aliyevaa sare au aliyebeba bunduki ya serikali bila sare, uwe Mturkana, Mpokot, Msamburu au mgeni wetu wa Kakuma, tuletee jina lake kamili, la baba yake, na mahali alipoangukia. Tutakuwa chini ya mti ulio karibu na lango la Moi Gardens kila Jumamosi asubuhi hadi siku ya gwaride.